Kaukazi: Milima Hukutana, Binadamu Hawakutani

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana mliojibanza viti vya nyuma karibu na mlango: habari za jioni.

Mada niliyopewa ni nchi jirani katika eneo la milima lililo kati ya mabara. Nimechagua Kaukazi, kwa sababu ni mahali panaponitia shaka kuhusu jambo ambalo sisi walimu wa jiografia hulifundisha bila kulifikiria mara mbili, kwamba milima hutenganisha watu na nchi tambarare huwaunganisha.

Tazameni ramani hii niliyobandika. Magharibi ni Bahari Nyeusi, mashariki ni Bahari ya Kaspi. Kati yake pana shingo ya nchi, na juu yake imelala safu ya Kaukazi Kuu, kilomita zipatazo 1,200, kutoka rasi ya Taman hadi rasi ya Absheron ulipo mji wa Baku. Kaskazini ya safu ni Urusi. Kusini zipo nchi tatu ndogo: Georgia (msiichanganye na ile ya Marekani), Armenia na Azerbaijan, halafu Uturuki na Iran. Hizo tatu zikijumlishwa zina kilomita za mraba kama 186,000 tu. Zingeingia ndani ya Tanzania mara tano. Armenia nzima ina watu karibu milioni 3, wachache kuliko wakazi wa Dar es Salaam.

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Kaukazi imeigeuza methali hiyo kichwa chini miguu juu. Milima yake inakutana kweli, maana Kaukazi Kuu ya kaskazini na Kaukazi Ndogo ya kusini zimeunganishwa na safu fupi ya Likhi katikati ya Georgia. Magharibi ya Likhi mawingu ya Bahari Nyeusi yanamwaga mvua mpaka basi. Batumi, mji wa pwani ya Georgia, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiko Wasovieti walikolima chai yao. Ukivuka kwenda mashariki, Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, inapata kama robo ya hiyo, na ukifika Baku ni upepo na nchi kavu. Milima imekutana. Wasiokutana ni binadamu, nami nitawaonyesha ni wapi hasa hawakutani, kwa sababu sipo pale ambapo mwanafunzi wangu angeweka kidole.

Kwanza tuliondoe swali ambalo najua litaulizwa: ni Ulaya au Asia? Wapo wanaoupitisha mpaka wa mabara juu ya vilele vya Kaukazi Kuu, panapogawanyika maji. Kwa hesabu hiyo Mlima Elbrus, mita 5,642, ulio Urusi kaskazini kidogo ya mgawanyo huo, ndio mrefu kuliko yote Ulaya. Wengine huupitisha katika bonde la Kuma na Manych, kaskazini zaidi, na hapo Elbrus unahamia Asia na taji linarudi kwa Mont Blanc. Mimi swali hili silipi uzito mkubwa. Wapenzi wa mpira mna jibu lenu tayari: nchi zote tatu zinacheza UEFA, na Georgia ndiyo iliyoichapa Ureno 2-0 kwenye Euro ya 2024.

Swali lenye uzito ni milima hii imetoka wapi, na hapo sisi wa Afrika Mashariki tumo. Bamba la Arabuni, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, zamani lilikuwa kitu kimoja na la Afrika. Likachanika, na machaniko mawili yakajaa maji, ndiyo Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Chaniko la tatu, linaloungana na hayo mawili pale Afar, Ethiopia, likashuka kusini: ndilo Bonde la Ufa letu. Arabuni iliyojitenga inasukumwa kaskazini kuelekea Eurasia, na ardhi iliyobanwa katikati haina pa kwenda ila juu. Kaukazi na Bonde la Ufa ni watu wa ukoo mmoja.

Na kazi hiyo haijaisha. Msukumo ni sentimita mbili hivi kwa mwaka. Tarehe 7 Desemba 1988, karibu na saa sita mchana, watoto wakiwa madarasani, ardhi ya kaskazini mwa Armenia ilitikisika kwa ukubwa wa 6.8. Mji wa Spitak ulilala chini, na magorofa mengi ya Kisovieti ya Gyumri, wakati huo ukiitwa Leninakan, yaliporomoka. Walikufa watu wapatao 25,000. Likumbukeni tetemeko hilo, nitalirudia.

Kuna msafiri mmoja aliyeandika habari za pwani yetu na za Kaukazi pia. Ni al-Masudi wa Baghdad, katika karne ya 10. Alisafiri kwa jahazi hadi Kanbalu, ambayo wanahistoria wengi huiweka Pemba, na safari yake ya mwisho ya kutoka huko kurudi Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, yaani kama 916 au 917. Mtu huyohuyo aliizungumza milima ya Kaukazi, akasema inakaliwa na mataifa 72, kila taifa na mfalme wake na lugha yake. Pia aliwabishia waliodai kwamba Kaspi imeungana na Bahari Nyeusi, baada ya kuwahoji wafanyabiashara wanaoisafiri. Jiografia ya namna hiyo naipenda, ya kwenda kuuliza wanaopita njia.

Hiyo 72 siichukulii kama sensa. Watu wa zamani walikuwa na namba zao wanazozipenda. Lakini hakukosea sana. Dagestan peke yake, upande wa Urusi, ina lugha zaidi ya 30. Kiarchi husemwa na watu kama elfu moja hivi katika vitongoji vichache vya mlimani. Kigeorgia hakina udugu na Kiarmenia. Kiarmenia hakina udugu na Kiazeri. Kiazeri na Kituruki wanasikilizana. Hapa kitabu cha shule kinasema kweli, bonde lililofungwa na theluji miezi kadhaa hutunza lugha yake. Ila tusiidanganye nafsi kuhusu kinachoziua. Waubykh waliishi pwani ya Bahari Nyeusi karibu na Sochi, pale ilipofanyika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2014. Mwaka 1864 jeshi la Urusi lilipomaliza vita vyake na Wacherkesi, Waubykh wakahamishwa pamoja nao kwenda dola ya Osmani. Mzee Tevfik Esenç, msemaji wa mwisho aliyeijua vizuri lugha yao, alifia Uturuki mwaka 1992. Ile lugha ilikuwa na konsonanti zaidi ya 80. Milima iliihifadhi, amri ya mfalme ikaiondoa.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe.

Mpe mwanafunzi ramani isiyo na mistari ya siasa, mwambie akuonyeshe mahali pagumu kuliko pote kupitisha lori. Ataweka kidole kati ya Tbilisi na Vladikavkaz, mji wa Urusi, na nani atamlaumu? Hapo Kaukazi Kuu imesimama wima. Mlima Kazbek, wenye zaidi ya mita 5,000, unaichungulia barabara. Barabara hiyo, inayoitwa Barabara ya Kijeshi ya Georgia, inapanda hadi kipito cha Jvari, mita 2,379, kisha inashuka ndani ya korongo la Darial sambamba na mto Terek, mpaka kituo cha mpakani cha Lars. Maporomoko ya theluji huifunga kwa siku kadhaa kila majira ya baridi.

Na hapo ndipo malori yanapopita, usiku na mchana, ya Armenia, ya Georgia, ya Uturuki na ya Urusi. Msafara unaosubiri kuvuka unazidi ule wa Tunduma siku mbaya. Ni njia pekee ya nchi kavu inayofanya kazi kati ya Georgia na Urusi, kwa sababu nyingine mbili, ile ya pwani na ile ya handaki la Roki, zinaingilia Abkhazia na Ossetia Kusini, maeneo yaliyojitenga na Georgia na ambayo Urusi iliyatambua kama nchi baada ya vita vya Agosti 2008. Ona ajabu: Georgia na Urusi zilipigana, hazina mabalozi mpaka leo, lakini Lars, iliyokuwa imefungwa tangu 2006, ilifunguliwa tena Machi 2010. Septemba 2022 Urusi ilipoanza kuwaita wanaume jeshini, maelfu walikimbilia hapo. Kwa kuwa sheria ya kituo ilikataza kuvuka kwa miguu, watu walinunua baiskeli ili wahesabiwe kuwa na chombo.

Haya, mwambie mwanafunzi akuonyeshe mahali rahisi. Ataweka kidole kwenye uwanda wa Ararat. Hapo pana Yerevan, mji mkuu wa Armenia, na mpaka wa Uturuki uko mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, katikati ya mizabibu na mashamba ya matunda madogo ya manjano yanayoitwa aprikoti. Mto Aras unapita polepole. Ng'ambo yake umesimama Mlima Ararat, mita 5,137, ule ambao wasomaji wa Biblia wanauhusisha na safina ya Nuhu. Uko Uturuki, lakini umo kwenye nembo ya taifa ya Armenia, na asubuhi yenye hewa safi unauona kutoka vyumba vya kulala vya Yerevan. Kujenga barabara hapo hata mhandisi mvivu angeweza.

Mpaka huo umefungwa tangu 1993.

Sababu ni Karabakh, eneo la milima ndani ya Azerbaijan lililokuwa na wakazi wengi Waarmenia. Mgogoro ulianza 1988, Dola ya Kisovieti ikiwa bado hai, ukawa vita kamili ilipovunjika. Majeshi ya Kiarmenia yalipoiteka Kelbajar, nje ya Karabakh yenyewe, Aprili 1993, Uturuki ikaifunga mipaka yake kumuunga mkono ndugu yake Mwazeri. Mapigano yalisimama Mei 1994, Waazeri mamia ya maelfu wakiwa wameyahama makwao. Yakarudi kwa siku 44 mwaka 2020, na Septemba 2023 Azerbaijan ikaichukua Karabakh yote. Waarmenia zaidi ya 100,000 wakaondoka ndani ya siku chache. Nimeyasema kwa kifupi, na kila upande una makaburi yake. Mimi leo nafuata barabara.

Sasa lile tetemeko. Baada ya Spitak serikali ilizima mtambo wa umeme wa nyuklia wa Metsamor mwaka 1989, kwa hofu ya tetemeko lingine. Miaka michache baadaye mipaka ya mashariki na magharibi ikafungwa, mafuta na gesi vikawa haba. Armenia ikaingia majira ya baridi bila umeme, saa moja au mbili kwa siku, watu wakikata miti ya bustani za mji kwa ajili ya kuni. Nchi ikageukia Ziwa Sevan, lililo mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ikayaachia maji yake yazungushe mitambo. Ziwa hilo lilikuwa limeshashuka karibu mita 20 enzi za Wasovieti, hata monasteri iliyokuwa kisiwani ikawa sasa inafikiwa kwa miguu. Metsamor iliwashwa tena 1995. Kiwango cha maji katika ziwa la mlimani kilitegemea nani kafunga lango kule bondeni. Nikipata nafasi ya kutunga swali la mtihani, ndilo hilo.

Mfuate sasa mfanyabiashara. Bidhaa za Uturuki zimejaa masoko ya Yerevan, ila zimezunguka kwa kupitia Georgia. Reli ya Gyumri na Kars, mji wa Uturuki, ipo, imekaa kimya. Mwaka 2017 ikafunguliwa nyingine kutoka Baku kupitia Tbilisi hadi Kars, kilomita 826, iliyochorwa kwa makusudi kuikwepa Armenia. Bomba la mafuta la Baku, Tbilisi na Ceyhan (bandari ya Uturuki), kilomita 1,768, lilifanya vivyo hivyo zaidi ya miaka kumi kabla yake. Na Wazerbaijani wenyewe wamejifungia kwa namna yao: mwaka 2020 nchi yao ilifunga mipaka ya nchi kavu kwa abiria kwa sababu ya korona, na miaka mitano baadaye ilikuwa bado haijaifungua, ingawa mizigo inapita.

Mashabiki wa Arsenal mnalikumbuka hili. Fainali ya Europa ya 2019, dhidi ya Chelsea, ilichezwa Baku. Henrikh Mkhitaryan, Muarmenia, hakusafiri na timu kwa hofu ya usalama wake. Mkapigwa 4-1, na poleni. Hata timu ya Qarabağ mnayoisikia kwenye Ligi ya Mabingwa ni ya mji wa Agdam, lakini tangu 1993 mji huo ulipotekwa na kuharibiwa, makao yake ni Baku.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuna serikali iliyoweza kukifungia lango, nacho ni maji. Mto Akhurian ni mpaka wa Uturuki na Armenia. Juu ya korongo lake, upande wa Uturuki, yapo magofu ya Ani, mji mkuu wa wafalme wa Armenia wa karne ya 10 na 11, na chini yake nguzo za daraja la kale lililokatika katikati. Daraja halijengwi. Ila kwenye mto huohuo lipo bwawa lililojengwa kwa ushirikiano wa Uturuki na Wasovieti, na maji yake yanaendelea kugawanywa nusu kwa nusu, mpaka ukiwa umefungwa.

Mfano mkubwa zaidi ni Enguri, kaskazini magharibi mwa Georgia. Ukuta wa bwawa una urefu wa mita 271.5 kwenda juu, mmoja wa mirefu kabisa duniani kwa aina yake. Ukuta na ziwa viko Georgia. Maji yanaingia kwenye handaki la kilomita 15, yanatokea Abkhazia, na huko ndiko iliko mitambo ya kuzalisha umeme. Mmoja ana maji bila mitambo, mwenzake ana mitambo bila maji. Hawatambuani na wameshapigana, lakini tangu miaka ya 1990 wanagawana: takribani asilimia 60 kwa Georgia na 40 kwa Abkhazia. Abkhazia hula zaidi ya fungu lake majira ya baridi, hasa tangu walipoingia wachimbaji wa sarafu za kidijitali na kompyuta zao zenye njaa ya umeme. Georgia inalalamika, na umeme unaendelea kwenda. Mimi sijaona mkataba wa amani popote pale uliodumu vizuri kuliko lile handaki.

Nimalizie na kona moja ya ramani. Hiki kipande cha rangi ya Azerbaijan kilichokaa peke yake magharibi ni Nakhchivan. Kinapakana na Armenia, Iran, na kwa kilomita chache tu, Uturuki. Kati yake na Azerbaijan yenyewe umeingia mkoa wa Syunik wa Armenia, ambao mwisho wake wa kusini ni mji wa Megri, kando ya Aras, ukitazamana na Iran. Mtu wa Baku akitaka kwenda kumzika mjomba wake Nakhchivan, ama apande ndege, ama azunguke kwa barabara kupitia Iran.

Enzi za Wasovieti alikuwa akipanda treni. Reli ilifuata ukingo wa Aras kutoka Baku, ikapita Megri, ikaingia Nakhchivan, ikaendelea hadi Yerevan. Vita vilipokuja treni zikasimama, na baadaye vyuma vyenyewe vikang'olewa. Tarehe 8 Agosti 2025 viongozi wa Armenia na Azerbaijan walikutana Washington mbele ya Rais Trump. Mawaziri wao wa mambo ya nje wakaweka saini za awali kwenye maandishi ya mkataba wa amani, na ikakubaliwa kwamba njia ifunguliwe kupitia Megri, chini ya mamlaka ya Armenia, ikapewa jina la Trump mwenyewe. Iran haikufurahi, Armenia ni jirani yake wa lazima, na haipendi kuona wageni wakiweka mguu kwenye mpaka huo.

Je, itajengwa? Mimi nimeacha kusikiliza hotuba za viongozi, natazama vipimo. Kipande kinachokosekana upande wa Megri ni kilomita arobaini na kitu, kando ya mto, mteremko mdogo, tuta la reli ya zamani bado linaonekana. Kwa upande mwingine, kule kwenye Barabara ya Kijeshi ya Georgia, wamechimba handaki la karibu kilomita 9 ndani ya Kaukazi Kuu ili malori yasipande tena hadi Jvari. Lile gumu limetobolewa. Hili jepesi, limekaa zaidi ya miaka thelathini.

Ahsanteni. Mwenyekiti ananionyesha saa, basi tuingie kwenye maswali, na naomba tuanze na wale wa viti vya nyuma.